Barua ya wazi kwa Bunge la Texas: rekebisheni vifungu vya kusimamisha na kubatilisha leseni za bastola, msivifute

Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Jimbo la Texas, na Mheshimiwa Gavana,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia kuhusu vifungu viwili vya Sura ya 411 ya Sheria ya Serikali ya Texas, yaani kifungu cha 411.186, kinachoruhusu leseni ya kubeba bastola ibatilishwe, na kifungu cha 411.187, kinachoruhusu isimamishwe kwa muda. Tangu Septemba 1, 2021, ilipoanza kutumika sheria inayomruhusu mtu mzima kubeba bastola bila leseni, imekuwa ikisikika hoja kwamba vifungu hivi vimepitwa na wakati na kwamba dawa yake ni kuvifuta, kwa kuwa hakuna maana ya kumnyang'anya mtu kibali asichokihitaji. Ombi langu ni kwamba hoja hiyo ikiletwa mbele yenu katika kikao cha 90 kitakachoanza Januari 2027, muikatae, na badala yake mvirekebishe vifungu hivyo pale vinapomwonea mwenye leseni. Kwa maana kuonea vinaonea, na nitasema wapi.

Sisemi haya kwa kuchukia silaha. Mimi mwenyewe ni mwenye leseni: nilihudhuria darasa, nikafyatua risasi 50 kwenye shabaha mbele ya mkufunzi, nikachukuliwa alama za vidole na kulipa ada ya dola 40 kama waombaji wengine wa kawaida. Naishi Kaunti ya Tarrant, ambako Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania tumeongezeka kiasi kwamba yapo makanisa yanayoendesha ibada kwa Kiswahili, na unga wa ugali hatuutafuti tena mbali. Wapo kati yetu ambao mtutu wa bunduki ndio uliowatoa Kivu na kuwafikisha kambi ya Nyarugusu au Kakuma, na wapo miongoni mwa haohao ambao leo wana bastola nyumbani, kwa sababu wanatoka kazini saa nane za usiku au wamefungua duka mahali ambapo polisi huchukua muda kufika. Sioni mgongano wowote hapo. Aliyewahi kuikimbia silaha anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuimiliki, na anajua kuliko wengi kwa nini si kila mkono unafaa kuishika. Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili ili wao waisome kwanza, waiunge mkono au waipinge. Itakayofika mezani kwenu itaambatana na tafsiri.

Inafaa kukumbuka leseni hii ilitoka wapi. Oktoba 16, 1991, katika mgahawa wa Luby's mjini Killeen, mtu mmoja aliwaua watu 23 waliokuwa wamekwenda kula chakula cha mchana. Suzanna Hupp, aliyepoteza baba na mama siku ile, alieleza katika miaka iliyofuata kwamba bastola yake ilikuwa imebaki garini kwa sababu sheria ya wakati ule haikumruhusu kuibeba, na ushahidi wake ulichangia sana kulifanya Bunge lipitishe sheria ya leseni mwaka 1995. Gavana George W. Bush aliisaini, na leseni za kwanza zikaanza kutumika mwaka 1996. Waliopitisha sheria ile hawakuwa maadui wa silaha hata kidogo. Hata hivyo waliweka ndani yake kwamba anayetimiza masharti hana budi kupewa leseni, na kwamba asiyeyatimiza tena anaweza kupokonywa. Sehemu ya kwanza ya makubaliano hayo ndiyo iliyoitofautisha Texas na majimbo ambako ofisa aliweza kumnyima mtu leseni kwa sababu tu hakuridhishwa na maelezo ya kwa nini anaitaka, kama ilivyokuwa New York hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoukataa utaratibu huo katika kesi ya Bruen, Juni 2022. Sehemu ya pili ndiyo tunayoijadili hapa, na sioni jinsi ya kuing'oa na kudai kwamba ile ya kwanza imebaki kama ilivyokuwa.

Vifungu vyenyewe havina ukali unaosimuliwa. Leseni inaweza kubatilishwa iwapo mwenyewe hakustahili kuipata tangu mwanzo, au aliipata kwa kutoa taarifa za uongo, au baadaye amepoteza sifa, kwa mfano kwa kutiwa hatiani kwa jinai nzito. Inaweza kusimamishwa iwapo ameshtakiwa kwa jinai nzito au kwa kosa dogo la daraja A au B, au iwapo amefanya ukatili wa kifamilia na mahakama imetoa amri ya ulinzi dhidi yake. Askari anayeona kwamba sababu hizo zipo hana mamlaka ya kuichana kadi barabarani. Anaandika hati ya kiapo, anaituma kwa Idara ya Usalama wa Umma, na Idara inamwandikia mwenye leseni. Tangu siku anayopokea barua, mwenye leseni ana siku 30 za kuomba kusikilizwa, na anasikilizwa na hakimu wa amani katika kaunti anayoishi, yuleyule anayesikiliza kesi za wapangaji walioshindwa kulipa kodi, ambaye hupima kama ushahidi uliopo unatosha kuunga mkono hatua ya Idara. Asiporidhika, anakata rufaa katika mahakama ya kaunti. Kwa mtu aliyetoka mahali ambapo kibali chochote cha serikali kinaweza kufutwa kwa simu moja ya mkubwa, utaratibu huu si haba.

Sasa niingie kwenye hoja yenyewe, kwamba kwa kuwa mtu anaweza kubeba bastola bila kadi, kumnyima kadi ni kazi bure. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kadi isingekuwa na kazi nyingine zaidi ya kumruhusu mtu kutembea na bastola kiunoni. Ina kazi nyingine, na iliyo kubwa kuliko zote hufanyika dukani, kwenye kaunta ya muuzaji wa silaha.

Mnunuzi wa kawaida akichagua bastola, hujaza fomu ya serikali ya shirikisho iitwayo 4473, na muuzaji huwasiliana na mfumo wa kitaifa wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI ili kujua kama mtu huyo amezuiwa kisheria kumiliki silaha. Mwenye leseni ya Texas haulizwi huko. Sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kuikubali leseni ya jimbo badala ya ukaguzi huo, kwa dhana kwamba jimbo lilikwisha kumchunguza mtu huyu na kwamba lingeichukua kadi yake kama mambo yangebadilika. Muuzaji huandika kwenye fomu namba ya leseni na tarehe ya kwisha kwake, hupokea malipo, na mnunuzi huondoka na silaha. Mimi mwenyewe nimenunua kwa njia hiyo na nilishangazwa na wepesi wake. Ni kweli kwamba fomu inamuuliza mnunuzi kama yuko chini ya amri ya mahakama inayomzuia kumtisha au kumsumbua mwenzi wake, na kwamba kudanganya hapo ni kosa la jinai. Lakini anayejibu swali hilo ni yeye mwenyewe, na aliyekwisha kukusudia mabaya hazuiwi na kisanduku cha kutia alama.

Tafakarini basi hali itakavyokuwa vifungu hivi vikifutwa. Leseni ya kwanza hudumu zaidi ya miaka minne, na inayohuishwa hudumu mitano. Mtu aliyepata leseni mwaka huu akiwa na historia safi, mwaka ujao akamvunja mkewe taya na kuwekewa amri ya ulinzi, atabaki na kadi halali hadi muda wake uishe, kwa sababu hakuna ofisi itakayokuwa na mamlaka ya kuisimamisha. Na kwa kadi hiyohiyo ataingia duka lolote la silaha jimboni na kununua nyingine bila jina lake kupita kwenye mfumo wa kitaifa ambao ungemkamata. Asiye na leseni, kwa upande mwingine, ataendelea kukaguliwa kila anaponunua. Kwa hiyo wanaotaka kuvifuta vifungu hivi kwa jina la uhuru watakuwa wametengeneza kundi la watu ambalo lina uhuru hata wa kukwepa sheria inayomhusu kila mtu mwingine, na kundi hilo litawabeba pamoja watu waaminifu na wale tunaopaswa kuwaogopa.

Wala sidhani kwamba hali hiyo ingedumu. Shirika la shirikisho la ATF, linalosimamia biashara ya silaha, liliacha kuzitambua leseni za Alabama badala ya ukaguzi mwaka 2019, lilipobaini kwamba zilikuwa zikitolewa bila ukaguzi uliotakiwa, na mwaka 2020 likaichukulia Michigan hatua ya namna hiyo. Texas ikiwa na leseni isiyoweza kurudishwa hata mwenyewe akipoteza sifa, hakuna anayeweza kuwahakikishia kwamba itaendelea kuaminiwa. Hapo watakaoumia ni wenye leseni wote, mimi nikiwamo, tutakaorudi kwenye foleni ya ukaguzi kwa sababu ya watu wachache walioachiwa kadi wasizostahili. Kadi hii pia ndiyo inayotuwezesha kubeba bastola tukivuka kwenda majimbo mengi yanayoitambua, na ndiyo inayomlinda mwenye silaha anayepita barabarani ndani ya futi 1,000 za shule, kwa kuwa sheria ya shirikisho kuhusu maeneo ya shule inamsamehe aliyepewa leseni na jimbo iliko shule hiyo, haimsamehi anayebeba bila leseni. Dereva wa Houston au Dallas hupita karibu na shule bila hata kujua. Kuishusha hadhi leseni ni kuwashusha hadhi walioitafuta kihalali.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mtu asiposoma sheria nyingine zinazotegemea Sura ya 411. Sheria ya Familia, kifungu cha 85.022, inamwagiza hakimu anayetoa amri ya ulinzi kuisimamisha leseni ya mtu aliyethibitika kufanya ukatili wa kifamilia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 17.292, inampa hakimu anayetoa amri ya dharura baada ya mtuhumiwa kukamatwa wajibu wa namna hiyo. Maagizo haya mawili yanahitaji ofisi ya kuyatekeleza, nayo ni Idara, kwa mamlaka inayoyapata katika vifungu vinavyotakiwa kufutwa. Vikiondoka, hakimu ataendelea kusoma kwa sauti amri ambayo haina wa kuitimiza.

Nimewahi kukaa benchi la nyuma la mahakama moja nikiwa nimemsindikiza mama wa jamii yetu, na nilisikia amri ya namna hiyo ikisomwa aya kwa aya kupitia kwa mkalimani: mlalamikiwa asimkaribie, asimpigie simu, asitume ndugu wamwambie chochote, asifike shuleni kwa watoto. Kisha ikaja sentensi kwamba leseni yake ya kubeba bastola imesimamishwa kwa muda wote wa amri. Mama yule, ambaye mashemeji na mawifi walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba mambo ya chumbani hayapelekwi serikalini, aliomba sentensi ile irudiwe. Mume alikuwa amezoea kuiweka kadi na bastola pamoja juu ya meza ya chakula wakati wa ugomvi, na kumwambia kwamba serikali yenyewe imemwamini. Kusikia kwamba serikali haimwamini tena kulikuwa na uzito kwake ambao sisi wengine pale ndani hatukuutarajia.

Kaunti yetu ina mfano unaojulikana nchi nzima, na ningependa muusome upya. Desemba 2019, mtu aitwaye Rahimi aligombana na mama wa mtoto wake katika eneo la kuegesha magari mjini Arlington. Akamshika mkono, akamburuta hadi kwenye gari na kumsukuma ndani, kichwa cha mama yule kikagonga dashibodi. Alipoona kuna mtu anawatazama, akachukua bunduki, na mama yule alipopata nafasi ya kukimbia, akafyatua risasi. Baadaye alimpigia simu na kumtishia kwamba akisema atampiga risasi. Februari 2020 mahakama ya Kaunti ya Tarrant ilitoa amri dhidi yake, ikamkataza kumsogelea, na ikaisimamisha leseni yake ya silaha kwa miaka miwili. Hakuiheshimu. Alirudi usiku nyumbani kwa mama yule, akamtishia mwanamke mwingine kwa bunduki, kisha akahusishwa na mfululizo wa matukio ya kufyatua risasi, likiwamo moja ambapo alipiga risasi hewani nje ya mgahawa wa baga kwa sababu kadi ya rafiki yake ilikataliwa kulipa. Polisi walipopekua nyumba yake walikuta bastola, bunduki, risasi, na nakala ya amri ya mahakama.

Wanaotaka vifungu vifutwe huutumia mfano huu kwa faida yao. Wanasema: mnaona, leseni ilisimamishwa, na hakuna risasi hata moja iliyozuiliwa. Nawajibu kwamba ni kweli, na kwamba somo lake ni kinyume cha wanalolitoa. Texas haina utaratibu mmoja wa jimbo zima wa kuhakikisha kwamba mtu aliyewekewa amri ya ulinzi anazikabidhi bunduki zake, mahali pa kuzikabidhi, na mtu wa kuulizwa asipozikabidhi. Kazi hiyo imeachiwa juhudi za kaunti moja moja. Upungufu uko hapo, na kufuta vifungu vya leseni hakuupunguzi hata chembe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 46.04, inamwadhibu aliye chini ya amri akikutwa na silaha, na wapo wanaosema kwamba hiyo inatosha. Lakini adhabu hiyo inangoja akutwe. Kusimamisha leseni kunamfungia kaunta ya duka kabla hajakutwa na yeyote, na mtu wa busara hachagui kati ya hayo mawili.

Kesi ya mtu huyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 21, 2024, majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio la kweli kwa usalama wa mwingine anaweza kunyimwa silaha kwa muda bila Katiba kuvunjwa. Uamuzi huo umeandikwa na Jaji Mkuu Roberts, na wengi wa waliomuunga mkono ndio walewale waliotoa uamuzi wa Bruen. Kwa hiyo anayesema kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kumiliki na kubeba silaha, yanatulazimisha kuvifuta vifungu hivi anadai zaidi ya walivyodai majaji wenyewe.

Nisingependa pia tusahau Sutherland Springs, hapa hapa Texas. Novemba 5, 2017, mtu aliingia kanisani wakati wa ibada na kuua watu 26, hesabu ambayo inajumuisha mtoto ambaye hajazaliwa. Alikuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kuwapiga mke wake na mtoto wake wa kambo, lakini Jeshi la Anga halikuipeleka taarifa hiyo kwenye mfumo wa kitaifa, na hivyo alinunua bunduki dukani bila kizuizi. Gavana Abbott alisema baada ya tukio hilo kwamba jimbo lilikuwa limemnyima mtu huyo leseni ya kubeba silaha. Pale ambapo mfumo wa kitaifa haukuwa na habari zake, mlango wa jimbo ulikuwa umekwisha kufungwa mbele yake. Haukutosha, kwa sababu haukuwa mlango pekee. Hata hivyo ni ajabu kuona kwamba baada ya tukio kama hilo pendekezo la kufikiriwa liwe kupunguza uwezo wa jimbo wa kujua na kuchukua hatua.

Baada ya kusema hayo, nakiri kwamba wanaolalamika hawalalamiki bure. Kifungu cha 411.187 kinaruhusu leseni isimamishwe kwa siku 30 kwa sababu mwenyewe hakuiarifu Idara kwamba amehama au amebadili jina. Katika jamii yetu watu huhama kila mkataba wa nyumba unapokwisha na kodi kupanda, na mara nyingi barua ya Idara huenda kwenye nyumba ya zamani, ikapokelewa na mpangaji mpya au isipokelewe kabisa. Kifungu cha 411.186 nacho kinaruhusu leseni ibatilishwe kwa sababu malipo ya ada yalikataliwa na benki na mwombaji hakuyarudishia, pamoja na nyongeza ya dola 25, ndani ya siku 30. Hivi ni vitu vya karani. Deni la dola 40 lidaiwe kama madeni mengine, na anwani isiyosahihishwa iletewe ukumbusho. Kuviweka katika fungu moja na ukatili wa kifamilia kunaipa nguvu hoja ya wanaosema kwamba sheria hii ni mtego wa kuwanasa wenye silaha.

Zito zaidi ni suala la kushtakiwa. Kwa jinsi kifungu kilivyo, shtaka la daraja B linatosha kuisimamisha leseni hadi shtaka lifutwe, na miongoni mwa mashtaka ya daraja hilo kuna kuchukua dukani bidhaa ya dola 150, au kuingia mahali ulipokatazwa na mwenye mali. Simtetei mwizi wa dukani, lakini aliyeshtakiwa bado hajahukumiwa, na mahakama nyingine zina msongamano wa kesi unaoweza kumweka mtu katika hali hiyo kwa muda mrefu. Napendekeza usimamishaji kwa sababu ya mashtaka ya makosa madogo ubaki kwa yale yanayohusu kupiga, kutishia, kufuatilia mtu kwa nia mbaya, matumizi mabaya ya silaha na kuendesha gari kwa ulevi. Napendekeza pia kwamba shtaka likifutwa, Idara iwe na siku maalumu, zisizozidi 10, za kuirudisha leseni yenyewe bila mtu kulazimika kuajiri wakili wa kuifuatilia.

Majaji wa Bruen waliacha onyo ambalo hata Texas inapaswa kulisikia: utaratibu wa leseni unaoruhusiwa na Katiba unaweza kupingwa ukitumiwa kwa namna ya kumnyima raia haki yake, kwa mfano kwa kumngojesha mno au kumtoza ada kubwa kupita kiasi. Hii ndiyo sababu nasema kwamba anayetaka vifungu hivi viishi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai viwe vya haki. Usikilizaji mbele ya hakimu wa amani una muda wake kisheria, uheshimiwe. Barua ya Idara ieleze kwa maneno ya kawaida kwamba usipojibu ndani ya siku 30 hatua inaanza kutumika, na ieleze hivyo katika lugha ambayo mpokeaji anaisoma, kwa sababu nimeona watu wazima wakiiweka barua ya rejesta kwenye droo ya jikoni wakidhani ni tangazo la bima.

Mwaka 2025 mlipitisha sheria ya kuzikataa amri za kumnyang'anya mtu silaha kwa sababu ya hatari inayodhaniwa, na hofu mliyoitaja mara kwa mara ilikuwa kwamba mtu angepoteza silaha zake kabla ya kusikilizwa na bila kosa lolote kuthibitishwa. Sitaufungua upya mjadala huo hapa. Naomba tu muone kwamba amri za ulinzi wa familia mliziacha nje ya katazo hilo, na mlikuwa na sababu, kwa kuwa kabla ya amri ya kawaida ya ulinzi kutolewa, mlalamikiwa huitwa, husikilizwa, na hakimu huamua kama ukatili umetokea. Kuifuta sasa hatua ya kusimamisha leseni, ambayo inaambatana na amri hizohizo, kungekuwa kubomoa kwa mkono mmoja mlichokihifadhi kwa mwingine.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanyike kwa muswada mmoja: sababu za kikarani ziondolewe katika vifungu vyote viwili; mashtaka ya makosa madogo yachujwe kama nilivyoeleza; kurudishiwa leseni kuwekewe siku; na uwekwe utaratibu wa jimbo zima wa kukabidhi silaha kwa walio chini ya amri za ulinzi, wenye ofisi inayotajwa, risiti inayotolewa, na njia ya wazi ya kuzirudisha amri inapokwisha. Hilo la risiti na la kurudishiwa lisidharauliwe. Mtu anayejua kwamba bunduki ya baba yake itarudi mikononi mwake baada ya miaka miwili ataikabidhi kwa urahisi zaidi kuliko anayeamini kwamba hataiona tena.

Muswada wowote unaoigusa Sura ya 411 ukipangiwa siku ya kusikilizwa na kamati, tunaomba tangazo litolewe mapema kiasi cha kuwawezesha watu wanaofanya kazi za zamu kuomba ruhusa na kuendesha saa tatu hadi Austin, na tunaomba mkalimani wa Kiswahili awepo chumbani. Nimekwisha kuzungumza na majirani kadhaa walio tayari kujiandikisha kutoa maoni, wenye leseni na wasio nazo, akiwamo mmoja ambaye leseni yake iliwahi kusimamishwa na ambaye hakubaliani nami katika sehemu kubwa ya barua hii. Nawaomba mumsikilize na yeye.

Wenu mtiifu,

Mkazi na mwenye leseni,
Kaunti ya Tarrant, Texas